Oili ya msingi: kilichomo ndani ya kopo kabla hujachagua oili ya injini

Makopo mawili yako mbele yako kwenye rafu. Yote yameandikwa 5W-30, yote yana alama ya API SP (kiwango cha ubora cha taasisi ya petroli ya Marekani), na yote yanajinadi kwa herufi kubwa kuwa ni "sintetiki". Moja linauzwa karibu mara mbili ya jenzake. Ukimuuliza muuzaji tofauti ni nini, atakuambia hili la bei ndiyo sintetiki yenyewe. Huenda hakukosea, ila hajakueleza kitu.

Tofauti, kama ipo, iko kwenye oili ya msingi, yaani ule umajimaji unaojaza takriban asilimia 70 hadi 90 ya kopo. Kinachobaki ni viongezi: vya kuzuia chuma kusagana, vya kusafisha, vya kuyashika masizi yasigandamane, vya kuua asidi, vya kuzuia povu, na polima za kuzuia oili isilegee ikipata moto. Viongezi vina kazi kubwa katika kuifaulisha oili mitihani ya API au ya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya. Lakini oili ikishafaulu, swali la itadumu muda gani kwenye moto, na itaamkaje asubuhi ya baridi, kwa sehemu kubwa linajibiwa na oili ya msingi. Mimi huichukulia hivi: alama ya kiwango inakuhakikishia kwamba oili imevuka mstari wa chini, na oili ya msingi inakupa fununu ya imeuvuka kwa umbali gani. Kuna watu wanaohitaji umbali huo, na kuna wanaoulipia bure.

Jambo moja tuliweke sawa mapema. Namba za 5W-30 au 20W-50 hazitaji oili ya msingi. Zinataja unene kwa mujibu wa jedwali la J300 la SAE, chama cha wahandisi wa magari: ile yenye W inahusu baridi, ya pili inahusu unene kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ni kweli kwamba 20W-50 nyingi zimetengenezwa kwa oili ya madini na 0W-20 zote ni za makundi ya juu ya oili ya msingi, lakini hiyo ni kwa sababu ya ugumu wa kuzitengeneza. Hakuna sheria inayosema hivyo.

## Tutapimia nini

Oili za msingi zimegawanywa katika makundi matano, tutayaona punde. Maswali nayo ni matano, na kila kundi litajibu yaleyale.

La kwanza ni usafi wa molekuli. Molekuli iliyoshiba haidrojeni haina pa kushikika. Isiyoshiba ina mkono wazi, na oksijeni haikawii kuushika, na hapo ndipo oili inapoanza kuwa nyeusi, nzito na yenye asidi.

La pili ni kielezo cha mnato. Kila oili hulegea ikipata joto; kielezo kinasema inalegea kwa kiasi gani. Kikiwa kikubwa, oili haibadiliki sana kati ya asubuhi na mlima. Kipimo hiki kilibuniwa na Dean na Davis mwaka 1929, ambao waliipa 100 oili bora waliyoijua, iliyotokana na mafuta ghafi ya Pennsylvania, na 0 ile iliyolegea vibaya kuliko zote, ya ukanda wa Ghuba ya Mexico. Walidhani wamefunga ngazi juu na chini. Leo oili ya 130 ni jambo la kawaida.

La tatu ni baridi: oili inaacha kutiririka kwenye nyuzi ngapi? Adui hapa ni nta.

La nne ni joto, na lina sura mbili. Moja ni kuoza: kwa kanuni ya jumla, kila joto likipanda kwa nyuzi 10 kasi ya oksidesheni huongezeka karibu mara mbili. Nyingine ni kuvukiza. Kuna jaribio linaloitwa Noack: oili huwekwa kwenye nyuzi 250 kwa saa moja, kisha hupimwa imepungua uzito kiasi gani. Viwango vya ILSAC, kamati ya watengenezaji magari wa Marekani na Japani, vinataka isipoteze zaidi ya asilimia 15, na vya ACEA kwa magari madogo kwa kawaida ni 13. Oili inayovukiza sana ndiyo ile inayopungua kwenye kijiti cha kupimia ilhali hakuna tone lililoanguka chini.

La tano, ambalo matangazo huliruka, ni uhusiano wake na majirani zake: je, inaweza kuviyeyusha viongezi na kuvibeba, na inazifanyaje sili za mpira?

Bei sikuiweka kwenye maswali kwa sababu inafuata ngazi yenyewe. Kadiri unavyopanda makundi ndivyo inavyopanda.

API ndiyo iliyoyagawa makundi matano ambayo dunia nzima inayatumia:

| Kundi | Molekuli zilizoshiba | Salfa | Kielezo cha mnato |
|---|---|---|---|
| I | chini ya 90% na/au | zaidi ya 0.03% | 80 hadi chini ya 120 |
| II | 90% au zaidi | 0.03% au chini | 80 hadi chini ya 120 |
| III | 90% au zaidi | 0.03% au chini | 120 au zaidi |
| IV | ni PAO (poli-alfa-olefini, oili inayojengwa kiwandani) peke yake | | |
| V | kila kisichoingia I hadi IV | | |

Ukilitazama vizuri, jedwali hili linachekesha kidogo. Matatu ya kwanza yamegawanywa kwa vipimo, la nne kwa jina la kitu kimoja, na la tano ni kapu la kutupia vilivyobaki. Kwa hiyo mtu akikuambia "kundi la tano ni bora kuliko la nne" kwa sababu tu tano ni kubwa kuliko nne, mwache apite.

## Kundi la kwanza

Hii ni oili ya madini ya mtindo wa zamani. Sehemu nzito ya mafuta ghafi huoshwa kwa viyeyusho ili kuondoa molekuli mbaya, kisha hupozwa hadi nta igande ichujwe. Ni kama kupepeta nafaka: makapi yanatoka, lakini punje iliyobaki ni ileile iliyotoka shambani. Usafi wake basi unategemea mafuta ghafi yalikuwaje, na salfa inabaki.

Kwenye joto ndiko inakoshindwa. Niliwahi kusimama pembeni fundi akifungua kifuniko cha valvu cha gari la safari fupi fupi, lililonyweshwa oili ya madini ya bei ya chini na kupitilizwa muda wa kumwaga oili zaidi ya mara mbili. Tope lilikuwa limechukua umbo la kifuniko. Alipokinyanyua, mbavu zake za ndani zilikuwa zimejichora kwenye tope kama vidole kwenye udongo mbichi. Alilichota kwa bisibisi. Kule chini, kitundu ambacho oili inapitia kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) kilikuwa kimebaki upana wa njiti ya kiberiti. Sitaisingizia oili peke yake: kosa la kwanza lilikuwa la kalenda. Ila oili yenye molekuli zilizoshiba ingevumilia uzembe uleule kwa muda mrefu zaidi.

Kwenye baridi huzidiwa mapema kwa sababu ya nta iliyosalia, ingawa viongezi husaidia. Kielezo cha mnato kwa kawaida huzunguka 95 hadi 105, kwa hiyo ili kuipata oili ya gredi pana (ya baridi na ya moto pamoja, kama 5W-30) inabidi polima nyingi ziongezwe, na polima hukatikakatika kadiri injini inavyozisaga. Kuitengenezea 5W-30 ya kisasa kwa oili hii ni vigumu mno, maana ile nyepesi inavukiza sana.

Lakini kwenye swali la tano inawashinda wengi. Inayeyusha viongezi vizuri kwa sababu ya zile molekuli ambazo hazikuoshwa zikaisha, na sili hubaki laini na zimejaa. Isitoshe, kundi hili ndilo linalotoa oili nzito kabisa zinazohitajika kwenye gia, grisi na mitambo ya meli.

Inamfaa mwenye injini ya zamani inayotaka 15W-40 au 20W-50, anayemwaga oili mapema bila kukosa, na hasa yule ambaye injini yake inakula oili kiasi kwamba kila wiki anaongeza. Kuna faida gani kumimina kitu cha bei kwenye injini inayokichoma na kukipulizia kwenye ekzosi?

## Kundi la pili

Hapa hakuna kupepeta. Molekuli mbaya hupelekwa kwenye haidrojeni yenye mgandamizo mkubwa na joto, mbele ya kichocheo, zinavunjwa na kujengwa upya zikiwa zimeshiba. Mwaka 1993 Chevron ilianza kutumia, kwenye kiwanda chake cha Richmond, California, njia ya kuipanga upya nta badala ya kuichuja na kuitupa: molekuli zake nyoofu zinaoteshwa matawi ili zisigande. Oili inayotoka ni nyeupe kama maji. Ukiona kopo la zamani lina oili ya rangi ya asali na jipya lina oili isiyo na rangi karibu, usidhani umeuziwa feki. Rangi nyingi unayoiona kwenye oili mpya ya siku hizi hutoka kwenye viongezi.

Usafi umepanda sana, na pamoja nao uvumilivu wa oksidesheni. Kielezo cha mnato hakijapanda kwa kiasi hicho, na baridi pia si ajabu. Viongezi vinayeyuka vizuri, japo si kama kundi la kwanza. Sili hazina malalamiko.

Sina mengi ya kusema juu ya kundi hili kwa sababu ni kama yule mfanyakazi asiyechelewa wala kusifiwa. Oili nyingi za dizeli za 15W-40 zilizomo sokoni zimejengwa juu yake, hata zile zenye kiwango cha API cha CK-4 kilichoanza mwishoni mwa 2016. Vilevile oili chakavu iliyosafishwa upya kiwandani kwa mvuke na haidrojeni hufika kundi hili bila shida. Hiyo usiichanganye na oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa na kurudishwa kwenye kopo. Ile ya kiwandani ina kiwango na namba ya leseni. Ya pili ina ujasiri wa muuzaji tu.

Inamfaa mwenye lori, basi, trekta au gari la kawaida lisilo na turbo, anayefuata ratiba ya mtengenezaji na haishi kwenye baridi kali.

## Kundi la tatu, na ugomvi wa neno

Chukua njia ya kundi la pili, ikaze zaidi: haidrojeni zaidi, joto zaidi, muda zaidi, na mara nyingi malighafi yenye nta nyingi. Matokeo ni kielezo cha mnato cha 120 kwenda juu. Mafuta ghafi yalikuwa mwanzo wa safari, lakini molekuli zilizotoka kiwandani karibu zote zimebadilishwa.

Sasa, je, hiyo ni sintetiki? Miaka ya tisini swali hili liligombanisha wakubwa. Mobil ililalamika kwamba Castrol imeitangaza kwa jina la sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi. Shauri lilipelekwa kwenye National Advertising Division, chombo cha matangazo cha Marekani, na mwaka 1999 kikaamua kwamba kuiita hivyo hakuna makosa. Tangu hapo neno hilo limekuwa la sokoni zaidi kuliko la maabara. Ujerumani ilibaki na msimamo mkali: huko maneno ya "sintetiki kamili" yamekuwa yakihifadhiwa kwa oili za PAO na esta (iliyomo kwenye kundi la tano), na ndiyo sababu baadhi ya makopo ya Ulaya huandika kwamba oili imetengenezwa kwa teknolojia ya HC. Hiyo HC ni haidrojeni inayovunja molekuli, yaani kundi la tatu.

Hasira za watu kwamba "tunadanganywa" nazielewa, lakini nadhani zimeelekezwa kusiko. Tazama majibu yake. Kielezo cha mnato: 120 hadi 135, karibu sawa na PAO. Uvukizi: kwa unene uleule, oili nyepesi ya kundi la kwanza inaweza kupoteza robo ya uzito wake kwenye jaribio la Noack, na hii ikapoteza karibu nusu ya hapo, tena sawa na PAO. Oksidesheni: inapokea viongezi vya kuzuia kuoza vizuri sana. Mahali inapoachwa ni baridi, maana kiini cha nta hakijaisha, na hapo inategemea viongezi vya kushusha nyuzi za kuganda. Kwa gari ambalo halijawahi kuona theluji, tofauti hiyo ipo kwenye karatasi tu.

Ndani ya kundi hili kuna ndugu mmoja wa pekee: oili ya gesi. Gesi asilia inageuzwa kuwa nta kwa njia ya Fischer-Tropsch, iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1920, kisha nta inageuzwa kuwa oili. Kiwanda mashuhuri ni Pearl GTL huko Ras Laffan, Qatar, cha Shell na shirika la taifa la nishati la nchi hiyo. Kwa kuwa ilianzia gesi, haina salfa wala zile pete za molekuli zinazosumbua. Watu wa biashara huiita "III+", jina lisilo rasmi.

Kwa upande wa viongezi na sili, imeanza kuwa kavu: molekuli safi mno haziyeyushi kitu kirahisi. Watengenezaji hulijua hilo na hulirekebisha kwenye mchanganyiko.

Inamfaa mwenye gari la kisasa la petroli au dizeli, lenye turbo au lisilo nayo, linalotaka 0W-20, 5W-30 au 5W-40. Kwa maneno mengine, wasomaji wengi wa makala haya.

## Kundi la nne: PAO

PAO haikupitia njia ya kusafisha kitu. Inajengwa. Ethilini hufanywa kuwa minyororo mifupi, mara nyingi ya kaboni kumi, halafu minyororo hiyo huunganishwa miwili, mitatu, minne, kisha hushibishwa haidrojeni. Kila molekuli inafanana na jirani yake. Nta haimo kabisa kwa sababu hakuna aliyeiweka. Mobil 1, iliyoingia soko la Marekani mwaka 1974, ndiyo iliyolifanya jina la sintetiki lijulikane kwa madereva wa kawaida.

Baridi ndiyo nyumbani kwake. PAO nyepesi haigandi hadi chini ya nyuzi −60. Jaribio la jikoni linaonyesha: niliweka kwenye friza chupa mbili ndogo, moja 15W-40 ya madini na nyingine 0W-40 yenye PAO kwa wingi, nikaziacha usiku kucha. Asubuhi nilizilaza kwa pamoja. Ile ya pili ilifika shingoni kabla sijahesabu mbili. Ya madini ilijivuta kwa mgongo, uso wake ukiwa umebinuka, na nilikuwa na muda wa kutosha kwenda kuzima jiko na kurudi. Hiyo ndiyo herufi W kwa vitendo. Pampu ya oili asubuhi ya baridi inakutana na hicho hicho, na kamshafti iko juu inasubiri.

Kwenye joto ni imara pia, ingawa tofauti na kundi la tatu lililotengenezwa vizuri si kubwa kama zamani. Kielezo cha mnato ni kama 120 hadi 140, kwa hiyo inahitaji polima chache, na oili hubaki na unene wake hadi siku ya kumwagwa.

Upungufu wake uko kwenye swali la tano. PAO peke yake haiyeyushi viongezi, na sili za mpira huelekea kusinyaa zikiwa ndani yake. Ndiyo maana hakuna oili ya injini iliyo PAO tupu: huongezewa esta au naftalini iliyoboreshwa ili kusawazisha. Sifa mbaya ya "sintetiki inavujisha injini" ina mizizi humo, kwenye oili za mwanzo ambazo hazikusawazishwa vizuri. Ina mzizi wa pili pia: kwenye injini chakavu, tope lenyewe ndilo lililokuwa linaziba sili iliyopasuka, na oili mpya ikalisafisha. Hapo oili haikuharibu kitu, imefichua tu.

Inamfaa anayewasha gari kwenye baridi kali, anayevuta mizigo mizito kwa saa nyingi, au mwenye gari ambalo mtengenezaji ameruhusu muda mrefu kati ya kumwaga oili na yeye anaufuata kweli.

## Kundi la tano: kapu

Kwenye kapu hili, linalotuhusu ni esta. Molekuli yake ina upande wenye chaji kidogo, kwa hiyo hujibandika kwenye chuma badala ya kuteleza ikarudi sampu. Huvumilia joto kiasi kwamba injini za ndege za jeti zinatumia oili za esta. Huyeyusha viongezi na hata masalia ya tope la zamani. Huvimbisha sili, na hilo kwa kipimo ni zuri kwa sababu linaifuta dosari ya PAO. Likizidi ni tatizo jingine. Baridi haiisumbui sana, kutegemea aina.

Ina ubaya wake. Maji huivunja na kuirudisha kuwa asidi na pombe, basi gari linalotembea kilomita mbili na kuzimwa, ambalo sampu yake haipati moto wa kukausha unyevu, si mahali pake. Tena, kwa vile inashindania chuma, inaweza kuvisukuma pembeni viongezi vya kuzuia kusagana visipate pa kukaa. Mchanganyaji mzuri hulipima hilo. Ukiona kopo linatamba "esta", elewa kwamba kwa kawaida ni sehemu ndogo ya mchanganyiko.

Humo humo kapuni kuna PAG, ambayo kwa kawaida haichanganyiki na oili ya madini na hutumika zaidi kwenye kompresa. Isikaribie injini yako.

Esta kwa wingi inamfaa mtu wa mashindano, anayemwaga oili baada ya mbio chache. Esta kidogo ndani ya PAO au kundi la tatu inamfaa kila aliyetajwa huko juu, na pengine tayari anaitumia bila kujua.

## "Nusu sintetiki" je?

Ni mchanganyiko, mara nyingi wa kundi la pili na la tatu. Hakuna kanuni ya dunia nzima inayosema lazima nusu iwe nusu, kwa hiyo kopo moja linaweza kuwa na sintetiki ya kuonja tu na lingine likawa na nyingi. Ukiamua kuichukua, ichukue kwa sababu kiwango chake kinatosha injini yako na bei inakubalika.

## Kuchungulia ndani ya kopo

Lebo haitakuambia, lakini karatasi ya usalama ya bidhaa, ambayo makampuni mengi huiweka mtandaoni, huwa na sehemu ya viambato yenye namba za CAS. Namba 68037-01-4 ni PAO. Namba 64742-65-0 ni oili iliyotolewa nta kwa viyeyusho, mara nyingi kundi la kwanza. Namba 64742-54-7 ni oili iliyopitishwa kwenye haidrojeni, na hii inaudhi, kwa kuwa kundi la pili na la tatu yote hujificha chini yake. Neno Fischer-Tropsch likitokea, ujue ni ya gesi. Asilimia huandikwa kwa masafa mapana, kwa hiyo utapata picha, si hesabu.

Karatasi nyingine, ya takwimu za kiufundi, hukupa Noack na nyuzi za kuacha kutiririka. Oili ya 5W-30 yenye Noack ya 8 au 9 ina kitu kizuri ndani, haijalishi kopo linasema nini. Mimi huanza na namba hiyo.

## Kwa hali yako

Kama kitabu cha gari kinataja idhini maalumu ya mtengenezaji, idhini hiyo iko juu ya kila nilichoandika. Oili ya kundi la tatu yenye idhini ni chaguo bora kwako kuliko PAO isiyo nayo, hasa kwenye dizeli yenye chujio la masizi, ambako majivu ya viongezi ndiyo yanayoziba.

Kama una turbo na una tabia ya kuzima injini pale pale baada ya mwendo mkali, chagua kundi la tatu zuri au PAO. Oili iliyobaki kwenye beringi ya turbo inapikwa bila kutembea, na ile ya makundi ya chini huacha makaa mapema. Bado, dakika moja ya kuiacha injini ipumue ni rahisi kuliko oili yoyote.

Kama dizeli yako inakunywa mafuta yenye salfa nyingi, acha kuhangaika na oili ya msingi. Tazama TBN, akiba ya kiongezi kinachoua asidi, na umwage mapema. Vivyo hivyo kwa vumbi: hakuna PAO inayochuja mchanga uliopita kwenye chujio la hewa lililopasuka. Masizi, petroli iliyochanganyika na oili, na vumbi humaliza oili zote kwa usawa, na kwa injini za namna hiyo kundi la pili linalomwagwa kwa wakati ni fedha iliyotumika vizuri.

Kwa safari fupi fupi zisizoipasha injini moto, fuata miezi badala ya kilomita. Kundi la pili au la tatu linatosha, esta kwa wingi haifai.

Kwa pikipiki yenye klachi inayooga kwenye oili, tafuta kwanza alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. Klachi hutelezeshwa na viongezi vya kupunguza msuguano, wala si na sintetiki kama inavyosemwa. Ikiwa alama ipo, kundi la tatu au PAO litaisaidia injini iliyopozwa kwa hewa, maana joto lake halina mpaka mzuri.

Na kama injini yako ni ya zamani, haivuji, hujui ilinyweshwa nini, na unataka kupanda kundi: unaweza. Oili za injini zenye leseni ya API hupimwa kuhakikisha zinachanganyika, kwa hiyo mabaki ya zamani hayatagandamana na mpya. Baki kwenye unene uleule, mwaga ya kwanza mapema, labda nusu ya muda wa kawaida, na ubadilishe chujio pamoja nayo, kwa sababu litakuwa limekusanya tope lililolegezwa. Halafu chomoa kijiti cha kupimia kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Kiwango kikishuka ilhali chini ya gari ni kukavu, huenda ringi zinapitisha, na kopo la bei halitazirudisha.